Gari Lililolala Muda Mrefu: Injini Kuwaka Si Betri Kupona

Huenda msomaji akajiuliza polisi wana haja gani na betri ya gari lake. Haja yetu ni hii: gari lililoamshwa kwa pupa asubuhi mjini Kasese ndilo liwezalo kukutwa jioni limezima, halina taa hata moja, katika barabara ya kutoka Kikorongo kwenda Bwera. Sehemu ya barabara hiyo hupita ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako tembo huvuka wapendapo, na malori yaendayo mpakani Mpondwe hayawezi kusimama kwa ghafula. Dereva wa lori hulitambua gari lisilo na taa akiwa ameshalikaribia mno.

Wakazi wa wilaya hii wanaijua vyema habari ya magari kulala. Tarehe 30 Machi 2020 Rais Yoweri Museveni alitangaza kusimamishwa kwa magari ya watu binafsi kwa ajili ya korona. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, magari hayo yaliporuhusiwa tena katika sehemu kubwa ya nchi, wilaya za mpakani, Kasese ikiwamo, ziliagizwa kuendelea kungoja. Juni 2021 likaja zuio la pili, la siku 42. Siku hizi sababu ni nyingine: mwenye gari yuko kazini Kampala au Uarabuni, au amefariki na warithi hawajakubaliana, au gari limehifadhiwa kituoni kama kielelezo mpaka kesi iishe. Matokeo hayabadiliki. Ufunguo unazungushwa, panasikika mlio mdogo wa tik-tik, kisha kimya.

Betri haifi kwa kusahauliwa tu; huliwa kidogo kidogo. Saa ya gari, king'ora cha wezi na kompyuta ya injini huendelea kunywa umeme hata gari likiwa limezimwa. Tuchukue gari linalotumia ampea 0.05 likiwa limelala. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 45, ambayo ni ya kawaida kwa gari dogo, itakuwa imepoteza nusu ya akiba yake baada ya siku 19 hivi. Betri ya risasi na asidi ikikaa tupu, salfeti iliyojengeka juu ya bamba zake huwa ngumu, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyozidi kukataa kuyeyuka. Joto la bondeni Kasese huyaharakisha mambo hayo. Ndiyo maana betri iliyokaa tupu wiki moja kwa kawaida hupona, na iliyokaa tupu miezi sita mara nyingi haiponi, hata fundi akiapa.

Kabla ya kugusa waya wowote, fungua boneti na utazame. Panya hupenda kujenga humo na kutafuna nyaya. Nyoka nao huwafuata panya. Ikiwa betri imevimba, imepasuka au inavuja, isichajiwe wala isiunganishwe na kitu. Ipelekwe kwa mnunuzi wa betri chakavu, wala asidi yake isimwagwe mtoni, kwa maana Nyamwamba na Lhubiriha ni maji ya watu. Ikiwa ni nzima, pima kwa mita. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; volti 12.0 ni karibu tupu. Chini ya 10.5, huenda chumba kimoja kati ya vyumba vyake sita kimekufa, na hapo ni afadhali kutunza fedha za kununua mpya.

Kwa betri yenye vifuniko vya kufungua, hakikisha maji yamefunika bamba. Hapa pana kosa linaloharibu betri nyingi. Dukani huuzwa chupa mbili zinazofanana: moja ina asidi ya kujazia betri mpya, nyingine ina maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. Betri iliyopungukiwa hutiwa maji hayo ya pili. Asidi haiongezwi, na maji ya bomba au ya mto yana chumvi zinazoharibu bamba. Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha apelekwe hospitali mara moja.

Njia tunayoipendelea ni ya polepole. Betri itolewe garini, waya hasi ukianza kufunguliwa, ichajiwe kwa mkondo wa takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: ampea 4 au 5 kwa betri ya 45, usiku mzima. Mahali pawe na hewa ya kutosha. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, nayo ikifikia asilimia 4 ya hewa yatosha cheche moja kuilipua. Kwa hiyo sigara, jiko la mkaa na kibatari vikae mbali. Ukiipeleka kwa mchajishaji, iandike alama yako na udai risiti. Betri ya gari hutafutwa sana, kwa kuwa yaweza pia kuwasha taa za nyumbani, na betri isiyo na alama ni vigumu kwetu kuthibitisha ni ya nani hata tukiikamata.

Pengine haraka haiepukiki, na jirani yuko tayari kutoa umeme wa gari lake. Basi magari mawili yasigusane, yote yazimwe. Waya mwekundu uunganishwe kwanza kwenye kichwa chanya cha betri iliyokufa, kisha chanya cha betri nzima. Mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibanwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche hutokea mahali pa muunganisho wa mwisho, na hatutaki itokee penye gesi. Gari zima liwashwe, lingurume dakika tano au kumi, ndipo jingine lijaribiwe. Kufungua ni kurudi nyuma kwa mpangilio uleule.

Tunaomba wasomaji wa Bwera na Mpondwe watusikilize hasa katika jambo hili: msiombe umeme wa lori. Malori makubwa yangojayo kuvuka kwenda Kasindi hutumia volti 24, kwa kawaida betri mbili zilizoungwa kwa mfuatano. Gari dogo ni la volti 12. Dereva wa lori ni mtu mwema, nyaya zake ni nene, naye yuko hapo hapo bila kazi. Kishawishi ni kikubwa. Lakini volti 24 zikiingia katika gari la 12 zaweza kuunguza kompyuta, taa na alteneta kwa nukta chache, na betri dhaifu yaweza kupasuka usoni mwa aliyeinama juu yake.

Iko na desturi nyingine ya gereji zetu: kuazima betri, kuwasha injini, kisha kuichomoa inguruma na kurudisha ile iliyokufa. Katika magari ya zamani sana mtu aliweza kuponea. Katika magari ya leo, betri ikichomolewa wakati alteneta inafanya kazi, umeme huruka juu kwa ghafula na kuua vifaa ambavyo bei yake yashinda betri kumi. Fundi akitaka kupima alteneta kwa kuchomoa waya, mkatalie kwa heshima. Mita ya volti itamjibu swali lake.

Kusukuma nako kuna mipaka. Gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. La gia za mkono laweza, iwapo betri ina umeme kidogo wa kuendesha pampu ya mafuta. Lakini mtu asiliachie gari mteremko, kama ile ya barabara ya Kilembe, akitumaini litawaka njiani. Injini ikiwa haijawaka, breki husaidiwa mara chache tu kisha huwa ngumu kama jiwe, na usukani huwa mzito. Chini ya mteremko kuna watoto watokao shule.

Injini ikiwaka, wengi hudhani kazi imekwisha, nasi ndipo wasiwasi wetu unapoanzia. Alteneta imeundwa kurudisha umeme kidogo unaotumiwa na stata, haikuundwa kufufua betri tupu. Saa moja ya safari haiijazi. Usiku, taa, feni na vifutio vya kioo vikifanya kazi pamoja, huenda betri isipate kitu cha maana. Pima volti injini ikinguruma: ziwe kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Zikiwa chini ya 13, alteneta au mkanda wake una kasoro, na gari hilo linaendeshwa kwa akiba ambayo haipo. Kisha chaji betri vizuri, iache usiku mmoja bila kuunganishwa, upime asubuhi. Ikiwa imeshuka chini ya 12.2, haihifadhi tena. Wakati wa kupima, usiache injini inguruma katika banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Magurudumu yaliyosimama miezi hupoteza upepo na kupasuka ubavuni. Breki hushika kutu, na breki ya mkono yaweza kukataa kuachia. Petroli ya zamani hupoteza nguvu. Tazama pia tarehe ya bima ya mtu wa tatu na ya leseni yako, kwa kuwa nazo huisha gari likiwa limelala. Safari ya kwanza iwe fupi, mchana, ndani ya mji.

Ikitokea gari limezima barabarani, lisukumwe litoke kabisa katika njia, upande wa kushoto, na pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali kiasi cha kumpa dereva ajaye nafasi ya kupunguza mwendo. Katika eneo la hifadhi, abiria wabaki ndani ya gari iwapo limekwisha kutoka njiani. Wasitembee gizani kutafuta msaada. Piga 999 au 112, bila malipo, utaje kijiji au kibao cha mwisho ulichokipita, na useme kama gari limo njiani au limeondolewa, ili askari wa doria ajue kama ana kazi ya kusimamisha malori kwanza.