Panya amla kidole nahodha wa Spurs, mwenyewe kalala fofofo

Wazee wanaofuatilia soka la Uingereza wanamjua Gary Mabbutt. Beki kisiki, mechi zaidi ya 600 akiwa na Tottenham, nahodha aliyenyanyua Kombe la FA mwaka 1991. Yote hayo aliyafanya akiwa na kisukari kilichomkamata tangu ana miaka 17.

Mwaka 2018, akiwa ameshastaafu zamani, alikwenda kutembea kwenye mbuga ya Kruger, Afrika Kusini. Usiku panya akapanda kitandani, akamtafuna kidole cha mguu mpaka mfupani. Jamaa hakusikia kitu. Ilibidi akafanyiwe upasuaji kwao Uingereza.

Anayedhani hayo ni ya Wazungu tu, ajue kwamba mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa hapahapa Tanzania walioumwa miguu na panya. Ugonjwa ni uleule: sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu. Mishipa mirefu ndiyo huanza kuumia, na mirefu kuliko yote ni ile inayofika vidoleni.

Kwa Tabora hili si jambo dogo. Huu ni mji wa watembea kwa miguu tangu enzi za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo, begani frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo mwezi Machi, Tabora akaingia Juni. Mpagazi akikanyaga mwiba alikaa chini, akautoa, safari ikaendelea. Maumivu ndiyo yaliyomwambia asimame.

Kisukari kinayafuta hayo maumivu, na hakiyafuti kwa siku moja. Kwanza nyayo zinawaka moto usiku, zinachoma kama pini, hata shuka likigusa ni kero. Baadaye inakuja ganzi. Hapo mtu anashangilia kwamba amepona, kumbe ndiyo kwanza mshika kibendera ametoka uwanjani. Shabiki wa namna hiyo anaweza kutoka Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na msumari umepenya kandambili, akafika nyumbani anajadili penalti.

Kuna kipimo cha bure, na kimetoka Ipswich, mji wa ile timu ya Ipswich Town. Mgonjwa anavua viatu na kufumba macho. Mwenzake anamgusa kwa ncha ya kidole, taratibu, sekunde moja au mbili, bila kukandamiza: kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, mguu mmoja kisha wa pili. Jumla vidole sita. Asipohisi viwili au zaidi, aende akapimwe vizuri, pale Kitete au kituo cha afya cha karibu. Mama watoto au mjukuu anaweza kuifanya kazi hiyo kabla ya kipindi cha pili kuanza.

Dawa za kutuliza kule kuwaka zipo, ila hazifufui mshipa uliokufa. Kinachozuia ni kuishusha sukari mapema: dawa bila kuruka siku, ugali wa kiasi, mwili kufanya kazi. Nacho Fernández aligundulika na kisukari akiwa na miaka 12, na bado ametwaa Ligi ya Mabingwa mara sita na Real Madrid. Sigara nayo iachwe, hata kama mkoa huu unaishi kwa tumbaku, maana inabana damu isifike miguuni.

Kwa ambaye ganzi imeshaingia, kazi ni ya kila jioni. Akague nyayo, kwa kioo kama kuinama kunamshinda, anawe na kukausha katikati ya vidole. Asiote moto miguu, asiiloweke kwenye maji ya moto, sugu asizikate kwa wembe. Viatu avikung'ute kabla ya kuvaa, na peku asitembee hata ndani ya nyumba. Akiona kidonda, hata kidogo kisichouma, kesho yake asubuhi awe hospitali. Kutouma kwake ndiyo hatari yenyewe.