Mbuzi Macho ya Kijani, Mtoto Macho Mekundu

Msomaji wetu wa Mwingi anauliza: akipiga picha bomani usiku kwa simu, mbuzi hutoka na macho ya kijani, komba aliye juu ya mgunga macho ya rangi ya chungwa, na mtoto wa msomaji mwenyewe macho mekundu. Je, simu imeharibika?

Simu ni nzima. Habari za lenzi na mboni mlizisoma darasani, tuziruke. Utamu uko nyuma ya jicho. Mbuzi, paka, fisi na komba wana utando nyuma ya retina unaorudisha mwanga ulikotoka. Kwa Kilatini huitwa zulia ling'aalo, jina lisilonipendeza hata kidogo, maana zulia hulala likakanyagwa na utando huu una kazi. Mimi nitauita kiakisi.

Chukua barabara ya Garissa pale Mwingi mjini. Chembe ya mwanga ni gari, seli za retina ni abiria waliosimama kando ya lami. Mchana magari ni mengi, likikupita moja unapungia jingine. Usiku wa manane likikupita, umelala hapo. Sasa tuseme mbele kidogo kuna ukuta unaoligeuza kila gari lisilosimamishwa, likarudi kwa barabara ileile: aliyechelewa kupunga mkono ana bahati ya pili. Ndiyo sababu fisi huiona njia pale wewe unapojikwaa kisikini. Lakini hata marejeoni yapo magari yasiyosimamishwa na mtu. Hayo hutokea mbonini, na kamera yako huyapokea. Ndiyo maana mng'ao huonekana taa ikiwa karibu na lenzi, kama ilivyo kwenye simu. Tochi akiishika jirani aliyesimama mbali kando, utaona mbuzi tu. (Safari hizo mbili huipunguzia picha anayoiona mnyama ukali kidogo, lakini usiku nani analalamika?)

Na rangi? Kiakisi cha mbuzi hakina hata tone la rangi ya kijani. Ni nyuzi za kolajeni, protini ileile ya ngozi na kano, zilizopangwa kwa nafasi ndogo ajabu, na nafasi hiyo ndiyo huchagua rangi itakayorudi. Zibane nyuzi, rangi husogea kuelekea buluu. Mwaka 2013 Glen Jeffery na wenzake walionyesha kuwa kulungu wa Aktiki, kule Norwe, wana kiakisi cha dhahabu kiangazi na cha buluu majira ya baridi: kwenye giza la miezi mboni hubaki wazi, shinikizo la jicho hupanda, nyuzi zikabanana. Komba kachagua njia nyingine, fuwele za riboflavini, yaani vitamini B2, ile inayougeuza mkojo wa aliyemeza vidonge kuwa wa njano.

Sisi, pamoja na nyani na tumbili wanaotuibia mahindi, hatuna kiakisi. Wekundu wa mtoto ni damu ya mishipa iliyo nyuma ya retina.

Wekundu huo ndio wa kawaida; ukikosekana, huenda kuna kitu ndani ya jicho kinachouziba. Kwa hiyo ipekue simu yako. Mtoto mdogo ambaye jicho moja hutoka jekundu na jingine jeupe, picha baada ya picha, apelekwe hospitali wiki hii. Mara nyingine ni pembe tu ya kamera. Mara nyingine ni mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata hasa watoto wa chini ya miaka 5, nayo ikiwahiwa hutibika. Nenda na simu, umwonyeshe daktari picha zenyewe.