Sweta ya Kukhu na lugha tuliyorudi nayo

MVUA za masika zikianza Mbale, huhitaji kalenda. Inua macho tu utazame Wanale, lile jabali linalousimamia mji upande wa mashariki. Kiangazi cha Januari na Februari huliacha kavu na la kijivu. Lakini Machi inapoelekea ukingoni, ikinyesha usiku mara mbili tatu, asubuhi utaona maji membamba yakining'inia mwambani kama nyuzi nyeupe. Wanaokwenda sokoni husimama kidogo, wakanyoosha kidole na kusema, "Maji yamerudi."

Nyumbani kwangu, siku hiyo ndiyo ninapolitoa kapu la nyuzi chini ya kitanda.

Wewe msomaji uliyewahi kuishi uhamishoni kisha ukarudi, au unayeamka alfajiri kuwahi Malaba, Busia au Lwakhakha, unayajua majira haya. Ni wakati wa kupanda maharagwe na mahindi. Ni wakati wa kumbikumbi, watoto wanapoizunguka taa na beseni la maji, wakigombana nani kashika wengi. Ni wakati wa malewa, yale machipukizi ya mianzi kutoka misitu ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga hadi mchuzi uwe mzito. Watoto wa shule wako karibu kufunga muhula wa kwanza, na nyumba hujaa watu, matope na kelele.

Hata hivyo, mvua yetu si ya kusifiwa tu. Machi 1, 2010, mlima ulimeguka Bududa na kukifukia kijiji cha Nametsi pamoja na watu wake. Usiku wa Julai 30, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia majumbani hapa Mbale. Ndiyo maana mvua ikizidi usiku, watu wazima wa huku hawalali vizuri. Na mtu asiyelala hutafuta kazi ya mikono. Mimi hufuma.

Spoki za baiskeli

Nilijifunza kufuma nikiwa na umri wa miaka 14, na sikujifunzia Mbale. Ilikuwa mwaka 1977, mwaka ambao Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Baba yangu alikuwa mwalimu, na wenzake wawili walikuwa tayari wametoweka. Usiku mmoja tulivuka mto Lwakhakha tukaingia Kenya. Njia tuliyopita ilikuwa na nyayo nyingi, kwani siku hizo magunia ya kahawa ya Bugisu yalikuwa yakivushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube. Baridi kali ilikuwa imeharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa ilikuwa imepanda kupindukia. Wengine walibeba kahawa. Sisi tulibeba sufuria na blanketi mbili.

Tulifikia Kimilili, ng'ambo ya mlima uleule. Wenyeji ni Wabukusu, ndugu zetu kwa lugha na mila. Walipotusalimu "Mulembe" mama yangu alilia. Lakini salamu hailipi kodi ya nyumba. Jirani yetu, mama mmoja Mkikuyu, ndiye aliyemwonyesha mama kazi ya kufuma sweta za watoto na kuziuza sokoni, kwa sababu chini ya mlima kuna baridi na kila mzazi anahitaji sweta.

Sindano za dukani hatukuweza kuzinunua. Tulitumia spoki, zile njiti za gurudumu la baiskeli, tukizinoa ncha juu ya jiwe. Jirani yule hakujua Lumasaba, nasi hatukujua Kikikuyu, kwa hiyo tulihesabu vitanzi kwa Kiswahili. Moja mbele, moja nyuma. Moja mbele, moja nyuma. Hivyo ndivyo unavyofumwa ukingo wa chini wa sweta, ule unaobana kiunoni, na hivyo ndivyo lugha hii ilivyoniingia. Iliniingia kupitia vidoleni.

Nyumba isiyotaka Kiswahili

Mwaka 1982 niliolewa na kijana wa Mbale ambaye naye alikuwa mkimbizi, na mwaka 1987 tukarudi. Tulifikia kwa mama mkwe wangu, chini ya Wanale. Mimi nilimwita Mayi, watoto wakamwita Kukhu, yaani nyanya, na jina hilo ndilo lililobaki kwa sote.

Jioni ya kwanza binti yangu wa miaka minne, aliyezaliwa Kimilili, aliomba maji kwa Kiswahili. Kukhu aliweka kikombe chini. Akasema kwa Lumasaba, bila kupaza sauti, "Lugha hiyo haiingii katika nyumba hii."

Mume wangu alinieleza baadaye usiku. Mwaka 1977 askari watatu walimjia baba yake wakati wa chakula. Walizungumza Kiswahili, tena kwa upole. Walisema, "Twende, mzee, utarudi sasa hivi." Kukhu alimfunikia chakula chake. Mzee hakurudi, na hadi leo hatujui alilazwa wapi.

Idi Amin alikuwa ametangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Lakini kwa raia wengi wa Uganda, lugha hiyo iliwafikia kutoka mdomoni mwa mtu mwenye bunduki, kwenye kizuizi cha barabarani au mlangoni usiku. Sisi tuliorudi kutoka Kenya tulikuja na lugha ya soko, ya shule na ya jirani mwema. Wao walikuwa wanaikumbuka nyingine kabisa, ingawa maneno yalikuwa yaleyale. Wengi wenu mliorudi miaka ile mlilikuta jambo hili, na watoto wenu wakaitwa "Wakenya" shuleni.

Tulitii. Nyumbani tulizungumza Lumasaba. Lakini nilipofuma sikuweza kuhesabu kwa Lumasaba. Nilijaribu, na kila nikifika 30 hesabu inapotea. Basi nikawa nahesabu moyoni, na binti yangu alipokua kidogo nikampa kazi ya kunihesabia kwa kunong'ona, pale pembeni ya dirisha.

Usiku taa ilipozimika

Ilikuwa Aprili 1990. Binti yangu alikuwa na miaka saba, na alihitaji sweta ya shule kabla ya muhula wa pili. Mgongo na kifua vilikuwa tayari, vitanzi 80 kila upande. Nilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Mkono wa sweta huanza na vitanzi 40 kwenye kifundo, kisha unaongeza kimoja kila upande baada ya kila mistari sita, hadi ufike 64. Ukikosea hapo, mkono mmoja utakuwa mpana kuliko mwingine na mtoto atachekwa.

Mvua ilikuwa ya mawe. Bati lilipiga kelele hata mtu hakumsikia aliyekaa karibu naye. Binti yangu ikabidi apaze sauti. Nilitaka kumzuia, lakini vitanzi vilikuwa vingi na nimechoka. Ghafla upepo ukafungua dirisha, taa ya mafuta ikazimika. Mtoto akanyamaza kwa hofu. Nikasema, "Sasa tumepotea. Tuanze upya."

Kutoka kwenye mkeka wake gizani Kukhu akasema, "Hamsini na nane. Alikuwa amefika hamsini na nane."

Kwa Kiswahili.

Hakuna aliyejibu. Nilitafuta kiberiti, mikono ikitetemeka. Taa ilipowaka nilimkuta amekaa wima, akitazama sindano wala si mimi. Nikamwambia binti yangu aendelee. Akaendelea: hamsini na tisa, sitini. Tulipofika sitini na nne, Kukhu akasema kwa Lumasaba kwamba sasa mtoto akalale.

Alikuwa akihesabu pamoja nasi wakati wote ule, miaka mitatu, na mimi nikidhani hasikii.

Sitaki kuipamba habari hii kupita ilivyokuwa. Kukhu hakuanza kuzungumza Kiswahili. Hakuwahi kusalimiana nacho, wala kukitumia sokoni. Alikihesabia vitanzi tu, hadi alipofariki mwaka 2006. Lakini wiki iliyofuata aliniuliza, "Na mimi je?" Akasimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha, nikampima. Nilimfumia sweta ya kahawia, ya vifungo vitano. Aliivaa kila masika.

Je, kufuma kunalipa?

Wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa biashara, kwa hiyo nitasema ukweli. Sweta moja ya mtoto hula gramu kama 300 za uzi na jioni zangu kumi na mbili. Fundi mwenye mashine ya kufumia humaliza kadhaa kwa siku moja, na sare nyingi za shule hutoka kwenye mashine hizo. Mitumba nayo inauzwa kwa bei ambayo hata uzi wangu hauifikii. Ukitaka kupata riziki kwa sindano mbili, tafuta kitu ambacho mashine na mitumba havina. Akina mama wa jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa hapa Mbale ambao dini yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wamefuma kofia ndogo za ibada ambazo zimeuzwa hadi Marekani. Hiyo ni akili ya biashara.

Kwa upande wa uzi, wengi wetu tumekuwa tukiununua Kenya. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze Januari 1, 2005, mfanyabiashara mdogo ana nafuu: bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha. Ila uzi uliotoka ng'ambo kupitia bandarini hauhesabiwi humo, hata kama umeununulia Bungoma. Soma karatasi ya pakiti kabla ya kulipa. Chagua pakiti zenye namba moja ya rangi, la sivyo mkono na kifua havitafanana, na hilo utaliona mchana tu.

Lakini mimi sifumi tena kwa ajili ya soko.

Safari ya Jinja

Aprili hii nilipanda teksi kwenda Jinja kumwona binti yangu, yule wa hamsini na nane. Njia ni ya Tirinyi, inapita kwenye kinamasi cha Mpologoma na mashamba ya mpunga, hadi Iganga na kuendelea. Mvua ilikuwa imepaka kila kitu rangi ya kijani. Magotini nilikuwa na mfuko, na ndani yake sweta ya kahawia ya Kukhu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza kabla hajafa: "Usinizike nayo. Uzi bado mzima."

Binti yangu anaishi Walukuba, mtaa wa wafanyakazi. Baba mkwe wake alikuwa akifanya kazi NYTIL, kiwanda cha nguo kilichoanza miaka ya 1950, umeme wa Owen Falls ulipoifanya Jinja kuwa mji wa viwanda. Mzee huyo husema kwamba kiwandani Mluo, Msoga, Mluhya na Mgisu walielewana kwa Kiswahili, na hakuona ajabu. Kila mtu na mlango ambao lugha ilimwingilia.

Tulikaa barazani, mvua ikinyesha, chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha juu ya stuli. Tukaifumua sweta. Unaanza na mishono ya ubavuni, kisha mikono, kisha unautafuta uzi wa mwisho shingoni na kuuvuta. Mjukuu wangu wa miaka 13 aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele zilizosukwa muda mrefu. Unaufunga mafungu, unauosha kwa maji ya uvuguvugu, unauning'iniza na kitu kizito kidogo chini hadi unyooke. Siku ya tatu ulikuwa tayari.

Mjukuu yuko kidato cha kwanza. Mtaala mpya wa mwaka 2020 umekifanya Kiswahili somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliagiza kitumike kama lugha rasmi, jambo ambalo katiba ilikuwa imelitaja tangu marekebisho ya mwaka 2005. Yeye hajui kwamba iliwahi kuwapo nyumba iliyokifungia mlango. Kwake ni somo lenye mtihani.

Nilimwekea vitanzi 40 kwenye sindano, nikamwonyesha: moja mbele, moja nyuma. Alifuma mstari wa kwanza kwa ulimi nje, akihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini na mbili mdogo wake akamchokoza, akasahau.

"Nilikuwa wapi, Kukhu?" aliniuliza.

Nilikuwa nahesabu naye. Nikamwambia.