Utangulizi: Kusoma Maandamano kwa Macho ya Naledi

Ikiwa umezoea kuchambua riwaya za watu wazima, huenda unajiuliza kitabu cha watoto kina uzito gani wa kukukalisha darasani. Kinao, tena mkubwa. Tutaanza na Journey to Jo'burg, riwaya fupi ya Beverley Naidoo iliyochapishwa mwaka 1985, ambayo serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku hadi 1991.

Hadithi yenyewe ni rahisi kuifuata. Naledi, msichana wa miaka 13, na mdogo wake Tiro wanatoka kijijini kwenda Johannesburg, umbali wa zaidi ya kilomita 300, kumwita mama yao kwa sababu mdogo wao Dineo anaumwa sana. Mama anafanya kazi za ndani kwa Wazungu.

Sasa tazama msuko, yaani jinsi tukio moja linavyozaa jingine. Mama hawezi kuondoka siku ileile, kwa kuwa mwajiri wake ana mwaliko jioni na anataka mtoto wake aangaliwe. Watoto nao hawaruhusiwi kulala pale bila kibali cha polisi. Basi Grace, msichana waliyekutana naye mjini, anawachukua kwao Soweto. Umeona? Sheria ndiyo inayousukuma msuko. Sheria hizo ndizo zilizoitwa apartheid, mfumo uliomwainisha kila mtu kwa rangi, kisha ukampangia pa kuishi, pa kusoma na hata basi la kupanda. Mwanafunzi mgeni hudhani siasa katika riwaya ni hotuba za wahusika. Hapa siasa ni swali la watoto wawili watalala wapi usiku huo.

Kule Soweto, Grace anawasimulia maandamano ya wanafunzi ya 1976. Kuyarudia yaliyopita kwa njia hii huitwa mbinu rejeshi. Nje ya riwaya, historia inatuambia kwamba tarehe 16 Juni mwaka huo maelfu ya wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma baadhi ya masomo, hisabati ikiwamo, kwa Kiafrikaans. Polisi wakawafyatulia risasi. Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Huenda ukauliza: kwa nini mwandishi hakumweka Naledi mwenyewe katikati ya maandamano? Wapo watakaouona huo kuwa udhaifu. Mimi naona ndiyo nguvu kuu ya kitabu. Naledi amekulia mbali na habari hizo. Zinamfikia kwa mdomo wa msichana mwenzake, aliyemwona kaka yake Dumi akiingia katika mapambano. Baada ya kusikia, anaanza kuyapima upya masomo ya shule yake mwenyewe, na anatambua kwamba yanamwandaa kuwa mtumishi.

Hapo ndipo tunapogusa utambulisho wa kimbari, yaani namna mtu anavyojielewa kama mmoja wa kundi linalotajwa kwa rangi au asili. Kwamba yeye ni mweusi, Naledi hakuhitaji kuambiwa. Sheria ilikwisha kumwambia tangu azaliwe. Anachojifunza ni kwamba maana ambayo sheria imeipa rangi yake inaweza kukataliwa, na kwamba wapo watoto waliokwisha kuikataa. Tafadhali usiipite haraka tofauti hiyo, kwa maana uchambuzi wako wote utasimama juu yake.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna jambo la karibu zaidi. Baadhi ya vijana walioikimbia Afrika Kusini baada ya 1976 walisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyoanza 1978 na kupewa jina la mpigania uhuru Solomon Mahlangu.

Soma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza, fuata safari tu. Mara ya pili, shika kalamu na uandike kila swali analouliza Naledi, anamwuliza nani, na nani anamjibu kweli.