Mchanga Unaoila Reli ya Kilosa

Kati ya Kilosa na Gulwe, Reli ya Kati haina pa kukimbilia. Kwa takriban kilomita 80 njia imebanwa baina ya milima na Mto Mkondoa, ambao huko juu, upande wa Mpwapwa, huitwa Kinyasungwe. Wajerumani, walioanza ujenzi Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, waliufuata mto kwa sababu bonde lake liliwapa mteremko ambao injini za mvuke zingeumudu kupandia uwanda wa kati. Kwa mto wa wakati ule, uamuzi ulikuwa wa busara. Mto wa leo unabeba mchanga mwingi mno.

Chanzo kiko mbali na reli. Mvua ya Ugogo, eneo la juu la mto huo, hunyesha kwa miezi michache, kwa nguvu, juu ya ardhi ambayo kufikia Novemba huwa karibu tupu. Majaribio yaliyofanywa Mpwapwa tangu miaka ya 1930 yalionyesha kwamba ardhi tupu hupoteza maji na udongo mwingi kupindukia, ilhali penye vichaka udongo karibu wote hubaki mahali pake. Bwawa la Ikowa, lililojengwa miaka ya 1950 katika mfumo huohuo wa mto, lilijaa tope na mchanga kwa kasi. Jambo hili, basi, lilijulikana mapema, likapimwa na kuandikwa. Tangu hapo mashamba, mifugo na matanuri ya mkaa vimeongezeka.

Mchanga ukifika mahali ambapo maji hupunguza mwendo, hutua, na sakafu ya mto huinuka. Daraja haliinuki. Nafasi iliyo chini yake, ambayo mhandisi aliikadiria ipitishe mafuriko ya kiasi fulani, hupungua mwaka hadi mwaka bila bolti moja kulegea. Mkaguzi anayetazama vyuma peke yake atasema daraja ni zima. Siku mto unapofurika na magogo, nafasi hiyo huziba. Maji hujaa upande wa juu, kisha hutafuta upenyo pale tuta la udongo linapoungana na ukuta wa daraja. Hapo ndipo njia hukatika kwanza. Udongo ukishasombwa, reli na mataruma hubaki vikining'inia, huku daraja lenyewe limesimama bila kitu cha kuunganisha.

Nguzo zina hatari iliyofichika zaidi. Maji yanayozizunguka kwa kasi huchimba shimo kwenye kitako, na mafuriko yakipungua mchanga mpya hulifukia shimo hilo. Anayekuja kukagua wakati wa kiangazi hukuta mchanga tambarare, juu ya msingi uliokwisha kupoteza sehemu ya mshiko wake.

Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliyaonyesha hayo yote kwa pamoja. Mafuriko yaliingia Kilosa mjini, maelfu ya watu wakakosa makazi, reli ikasombwa sehemu nyingi na treni zikasimama kwa miezi. Pigo hilo liliikuta reli imekwisha dhoofika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibeba zaidi ya tani milioni 1 za mizigo kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufika hata nusu yake. Kuikodisha kwa kampuni ya RITES ya India kuanzia 2007 hakukugeuza mwelekeo huo, na mkataba ukavunjika. Reli ikifungwa, wenye mizigo huhamia kwenye malori na wengi hawarudi. Mapato yakishuka, magenge ya matengenezo hupunguzwa. Magenge yakipungua, kalvati hubaki zimejaa mchanga hadi mvua nyingine.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 wa kufufua njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, pamoja na kuimarisha madaraja yabebe tani 18.5 kwa ekseli. Kazi hiyo ilihitajika. Hata hivyo, nguvu ya daraja ni kwa ajili ya treni iliyo juu yake. Mchanga unaopanda chini yake hautazami nguvu hiyo. Katika msimu wa mvua wa 2019/2020 maji yaliikata tena njia kati ya Kilosa na Gulwe.

Waliobuni reli mpya ya kisasa waliisoma hatari hii: eneo la Kilosa walilipita kwa mahandaki, na tangu Julai 2024 abiria wa Dodoma hupita humo. Lakini Tabora, Kigoma na Mpanda bado zinaitegemea njia ya zamani, na tawi la Kidatu, linakokutana na reli ya TAZARA, linaanzia Kilosa.

Reli iko chini ya shirika lake, mto chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mashamba na misitu ya vijiji chini ya halmashauri. Mchanga unapita katika mamlaka zote tatu bila kuwa jukumu kuu la yeyote. Pa kuanzia ni padogo: kila Oktoba, kabla ya mvua, shirika la reli lipime na kutangaza hadharani nafasi iliyobaki chini ya kila daraja kati ya Kilosa na Gulwe, likilinganisha na ya mwaka uliotangulia. Kipimo hicho hakihitaji mkopo.