Gurudumu la Mbele Likilia: Sikilizeni Kwanza Kabla ya Kununua Spea

Kikundi kimoja ninachokitembelea kina pikapu ya kubeba maziwa. Msimu mmoja wa mvua, gurudumu la mbele lilianza kulia, uuuuu, kama nyuki ndani ya mzinga. Gari likiongeza mbio, sauti nayo inapanda. Dereva alimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akamwambia mwekahazina, gari likapelekwa gereji. Makanika alisikiliza dakika mbili, akasema, "Hiyo ni beringi ya kushoto." Pesa zikatolewa, beringi ikabadilishwa. Gari likatoka likilia vile vile. Wakarudi, wakaambiwa ni shokabzoba. Zikanunuliwa mbili. Bado linalia.

Mwishowe mzee mmoja wa hapo kijijini, aliyeendesha malori miaka mingi, aliombwa apande. Akamwambia dereva, "Kijana, hebu ingia kona hii ya kushoto. Sasa ile ya kulia." Aliposhuka akasema, "Mmemtibu mzima. Mgonjwa ni wa kulia." Na ndivyo ilivyokuwa. Lakini kufikia hapo, pesa zilizopaswa kukopeshwa wanachama mwezi huo zilikuwa zimeisha, na akina mama wawili waliokuwa wakingojea zamu yao walikwenda nyumbani mikono mitupu.

Mimi si makanika. Lakini nilikaa na huyo mzee, halafu na mafundi wawili wa jua kali, nikauliza na kuandika. Haya ninayowaeleza hayawafanyi ninyi kuwa mafundi. Yatawasaidia kufika gereji mkijua la kusema.

Jambo la kwanza si kuuliza ni spea gani imeharibika. Ulizeni sauti inatokea lini. Je, ni wakati gari linakwenda moja kwa moja? Ni kwenye kona? Ni dereva akikanyaga breki? Ni kwenye mashimo tu? Dereva awe na daftari ndani ya gari na aandike siku hiyo hiyo. Nimeona mara nyingi dereva akisema "inalia tu", na kamati inakubali. "Inalia tu" haimsaidii fundi, na inampa nafasi ya kukisia kwa pesa zenu.

Hakikisheni pia kwamba sauti inatoka kwenye magurudumu na si kwenye injini. Mkiwa kwenye barabara tambarare isiyo na magari, dereva akanyage klachi, atoe gia, aache gari liteleze lenyewe kidogo. Asizime injini hata kidogo, maana injini ikizimwa usukani huwa mzito na breki hupoteza nguvu. Sauti ikiendelea na kupungua polepole pamoja na mbio za gari, basi iko upande wa magurudumu.

Sasa tuje kwa beringi. Katikati ya gurudumu kuna kile mafundi wanachoita habu. Katika pikapu na malori mengi, ndani ya habu ya mbele mna beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Zina vyuma vidogo vya mviringo vinavyobingirika ndani ya grisi. Grisi ikiisha au ikiingia maji na vumbi, vyuma hivyo huanza kukwaruzana na kuchimbika. Ndiyo ile sauti ya nyuki, na baadaye huwa kama jiwe la kusagia. Ile pikapu ya maziwa ilikuwa ikivuka mto kila asubuhi, maji yakifika nusu ya tairi. Habu iliyotoka kupata moto safarini ikiingia ndani ya maji baridi hufyonza maji kupitia sili iliyochakaa. Sishangai beringi ilikufa.

Ile hila ya mzee ya kona ni hii. Gari likiingia kona ya kushoto, uzito mwingi huegemea upande wa kulia. Sauti ikizidi hapo, shuku gurudumu la kulia. Ikizidi kwenye kona ya kulia, shuku la kushoto. Watu wengi hukosea kwa sababu ndani ya kebini masikio hudanganya: sauti hupita kwenye bodi na kutokea upande mwingine.

Lakini tairi lililolika vibaya nalo huvuma karibu sawa na beringi. Tofauti ni kwamba mvumo wa tairi hubadilika mkitoka kwenye lami na kuingia murram, na wa beringi haubadiliki sana. Pitisheni kiganja juu ya tairi. Mkihisi mabonde na vilima, hameni nalo nyuma. Sauti ikihamia nyuma, mmeokoa pesa.

Kwa breki, sauti ya kukwaruza chuma kwa chuma wakati wa kukanyaga inamaanisha pedi zimekwisha kabisa na diski inaliwa. Hilo halingojei Jumatatu. Kuna pia mlio mwembamba wa kukwaruza unaoanza ghafla baada ya barabara ya changarawe, bila kukanyaga chochote. Mara nyingi ni kokoto iliyokwama kati ya diski na bati la kuikinga. Kurudi nyuma polepole wakati mwingine huiangusha. Ikikataa, tairi litolewe na kokoto iondolewe. Kuna watu wamelipia pedi mpya kwa sababu ya kokoto moja! Na mlio wa tak-tak-tak mkikata kona kali, kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele nayo huvutwa na injini, mara nyingi hutoka kwenye jointi za ekseli ya mbele.

Mkitaka kuhakikisha, tumieni jeki. Hapa nawaomba msifanye haraka. Ardhi iwe ngumu na tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, breki ya mkono ivutwe. Gari likishainuliwa, wekeni stendi ya chuma au gogo nene chini ya chesisi. Msiweke tofali la simiti, linapasuka ghafla. Na mtu asiingie chini ya gari kwa vyovyote.

Shikeni tairi juu na chini, mlitikise. Likicheza, mtu mmoja akanyage breki huku mwingine akitikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingi pini au boljointi. Kisha shikeni kushoto na kulia: likicheza hapo peke yake, tazameni viungo vya usukani. Mwisho lizungusheni kwa mkono huku kiganja kingine kimeshika springi. Beringi mbovu mtaihisi ikitetemesha chuma, hata kama sauti ni ndogo.

Njia nyingine ni joto. Baada ya safari, sogezeni mkono karibu na habu zote mbili za mbele bila kugusa. Moja ikiwa moto sana kuliko nyingine, ama beringi imekazwa kupita kiasi ama breki imeshika.

Gari lisimame hapo hapo, hata kama maziwa yataharibika, mkiona tairi linayumba, mkisikia harufu ya kuungua au moshi kwenye habu, au kishindo cha gud-gud kinachokuja kila tairi linapozunguka. Cha kwanza angalieni nati za gurudumu. Huenda zimelegea tu. Zikiwa zimekaza, msisonge mbele. Beringi iliyovunjika inaweza kuachia gurudumu zima, na pikapu hizi zetu hubeba watu nyuma.

Mkifika gereji, mwekahazina au mtu mwingine wa kamati awepo, si dereva peke yake. Mwombeni fundi awaonyeshe kile alichokiona kabla hamjatoa pesa, na spea ya zamani mrudi nayo. Beringi ikibadilishwa, kikombe chake cha nje kibadilishwe pia, na sili iwe mpya. Grisi ya zamani ioshwe yote, isichanganywe na mpya, na iwe ya beringi za magurudumu inayostahimili joto. Nati ya katikati haikazwi kwa nguvu za ng'ombe: hukazwa kidogo tairi likizungushwa, hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa kipimo cha gari hilo, na kufungwa kwa kipini kipya. Baadhi ya magari ya siku hizi yana beringi iliyozibwa, hiyo hubadilishwa nzima.

Mkishatoka, endesheni kama kilomita 50, msimame, mpime joto la habu na kukaza nati za gurudumu tena. Dereva aandike tarehe na kilomita kwenye lile daftari.