Mtande na mshindio vyatosha kufunzia sayansi

Wapo wasomi ambao hadi leo hushikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na mashairi, wala hakiwezi kubeba sayansi. Hebu tuyapime madai hayo kwa somo moja gumu: jinsi nyenzo mseto zilizoimarishwa kwa kitambaa zinavyohimili dharuba.

Nyenzo hizo ni kitambaa cha nyuzi za kioo, kaboni au hata katani, kilicholoweshwa resini ikagandishwa. Kioo kitupu kikipigwa huvunjika mara moja, kwa kuwa ufa hukimbia pasipo kizuizi. Katika nyenzo mseto, ufa hukutana na nyuzi. Ili usonge mbele, hauna budi kuzikata, kuzichomoa katika resini au kuzitenganisha tabaka. Kila tendo hula sehemu ya nishati ya pigo. Na kitambaa kikifumwa, mtande hushikwa na mshindio, uharibifu usienee mbali.

Ila pana hatari. Tabaka zaweza kuachana ndani kwa ndani, nje kusionekane hata mkwaruzo. Ndiyo maana ndege ya Boeing 787, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni nyenzo mseto, huweza kukaguliwa kwa mawimbi ya sauti yapenyayo hadi ndani.

Je, msomaji, lugha imetushinda wapi? Kaboni na resini tumekopa, na kukopa si aibu. Kiingereza nacho kimekopa Kilatini na Kigiriki. Lakini mtande na mshindio ni maneno ya wafumaji wetu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alisimulia kuhusu vitambaa vya huko vilivyopelekwa hadi Misri.

Tatizo ni sisi walimu. Mwanafunzi hukariri fasili ya nishati kwa Kiingereza akapita mtihani, kisha asiweze kumweleza kakaye mwenye bodaboda kwa nini kofia iliyokwisha kugonga lami haifai kuvaliwa tena, hata ikiwa yang'aa. Elimu isiyofika nyumbani yaweza kugharimu uhai wa mtu.

Basi mwalimu wa fizikia na mwenzake wa Kiswahili waketi meza moja, waandae msamiati wa kila mada. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.